Piaget na Maji ya Mdogo Wangu
Likizo hii nyumbani Rungwa nilijaza maji vikombe viwili sawa, kisha maji ya kimoja nikayahamishia kwenye glasi nyembamba. Mdogo wangu wa miaka 5 akang'ang'ania ya glasi ni mengi. Dada yake wa miaka 8 akamcheka, maji si ni yaleyale.

Jaribio hilo ni la Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa 1896. Uzamivu wake wa 1918 ulihusu konokono, eti! Halafu kule Paris, akiwapima watoto akili, akavutiwa na makosa yao: wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Akachunguza mpaka wanawe watatu. Alifariki Geneva 1980.

Mimi darasa la kwanza, kwa kosa la aina hiyo, nilikula fimbo. Hakuna aliyeniuliza nimefikirije.