Dk. Kirk: Balozi wa Zanzibar aliyeonja sumu ya mishale

DK. John Kirk anakumbukwa Zanzibar kama balozi wa Uingereza aliyembana Sultan Barghash hadi soko la watumwa la Mkunazini likafungwa Juni 1873. Halikumbukwi sana kwamba jina lake limo pia katika historia ya dawa za moyo.

Kirk alizaliwa Barry, Scotland, Desemba 1832, na kuhitimu udaktari Edinburgh mwaka 1854. Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone katika Mto Zambezi akiwa daktari na mtaalamu wa mimea.

Huko aliwakuta wawindaji wakipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, iliyotokana na mbegu za mmea unaotambaa juu ya miti. Kirk alichukua kiasi cha sumu hiyo ili aichunguze, lakini hakuwa mwangalifu katika kuihifadhi, ikagusana mfukoni na mswaki wake. Siku moja, akiwa hajisikii vizuri, alipiga mswaki akahisi uchungu mkali mdomoni. Mwingine angesukutua na kulaani bahati yake. Yeye alizingatia mapigo ya moyo, akabaini kuwa yamebadilika papo hapo.

Sampuli zilifika Uingereza. Thomas Fraser wa Edinburgh aliifanyia sumu hiyo utafiti wa miaka mingi, akatoa kiini chake, strofanthini, na mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake jinsi kinavyousaidia moyo uliochoka. Kiini hicho huzuia chembe za misuli ya moyo kutoa chumvi ya sodiamu, kalsiamu ikaongezeka ndani yake, na pigo likawa na nguvu. Kipimo kikizidi kidogo tu, moyo husimama, na hilo ndilo walilolitaka wawindaji. Mwaka 1906 Albert Fraenkel wa Ujerumani alianza kuwadunga wagonjwa strofanthini mshipani. Baadaye digoksini, dawa ya jamii hiyo hiyo itokayo katika mmea wa Ulaya, ilichukua nafasi yake kwa sehemu kubwa.

Wataalamu wa mimea waliuita mmea huo Strophanthus kombe, wakalihifadhi neno la wenyeji. Majina ya wenyeji wenyewe, waliojua mbegu ipi ichumwe na itwangwe vipi, hayakupata nafasi karibu na ya Kirk na Fraser, na hiyo ni dosari ya historia hii.

Kirk alifika Zanzibar mwaka 1866 kama daktari wa ubalozi, akapanda vyeo hadi kuwa balozi mkuu. Henry Stanley alimlaumu kwa kutompelekea Livingstone mahitaji ya kutosha, lawama zilizomuudhi sana. Siasa, hata hivyo, hazikumtenga na mimea. Shambani kwake Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe, alipanda miche ya kila namna, akachunguza sandarusi na mpira wa porini, na kupeleka vielelezo katika bustani ya Kew, London.

Aliondoka Zanzibar mwaka 1886, na kufariki dunia Sevenoaks, Uingereza, Januari 1922 akiwa na umri wa miaka 89. Kima punju wa msitu wa Jozani, ambaye asili yake ni Unguja pekee, huitwa kwa jina la Kirk katika vitabu vya sayansi. Neno punju, kwa mujibu wa wengi, maana yake ni sumu.