Alilipa madeni ya baba yake kwa kalamu

Mwezi uliopita nilipanda basi Mombasa nikielekea Miasenyi kumtazama dada yangu. Kama ilivyo ada ya wasafiri wengi wa Pwani, tulisimama Mackinnon Road tukamsomea fatiha Sayyid Baghali, kisha tukaendelea na nyika ambayo macho hayaoni ila miiba, mchanga mwekundu na, ukiwa na bahati, mgongo wa ndovu. Miasenyi ni mahali padogo katika kaunti ya Taita Taveta, upande huu wa Voi. Tangu reli mpya ianze kazi mwaka 2017 pana stesheni, na dada yangu anauza duka dogo na kushona nguo kwa cherehani.

Nilifika nikakuta kesi inanisubiri. Binti yake, mwenye umri wa miaka 14, alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, na ndani ya sanduku lake mamake alikuta kitabu cha Kiingereza. Alikifunua, akaona kurasa za mwanzo zinataja Krismasi, tena akaona kwamba baba wa wasichana wa hadithi hiyo ni kasisi. Basi! Kitabu kikafungiwa kabatini chini ya kanga, na mama akaapa kwamba mtoto harudi shule ile. Shemeji yangu ni dereva wa lori, siku hizo alikuwa ng'ambo ya Malaba. Kwa hiyo hukumu ikaachiwa mjomba.

Mtoto hakusema neno. Alikaa mlangoni akichambua mchele, na kila nikimtazama aliinama. Niliomba nipewe kitabu na usiku mmoja.

Msomaji wangu, mimi ni mtu wa chuoni. Nilikhitimu Msahafu kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi za Kizungu, na hofu ya dada yangu naielewa, kwa maana wapo waliotumia kitabu kama ndoano. Lakini mwalimu wangu wa chuo alitufunza pia kwamba asiyesikiliza mashahidi hafai kuwa kadhi. Nikawasha taa ya sola, nikasoma hadi karibu na alfajiri.

Kitabu chenyewe ni Little Women, na aliyekiandika ni Bibi Louisa May Alcott wa Marekani. Kinasimulia ndugu wanne wa kike, Meg, Jo, Beth na Amy, ambao baba yao yuko vitani na mama yao anawalea katika umaskini wa heshima. Hawana fedha, lakini wana vichekesho, michezo ya kuigiza, ugomvi na mapatano. Asubuhi ya sikukuu yao wanabeba chakula chao kitamu na kumpelekea mama maskini mwenye watoto wenye njaa. Huo ndio Ukristo mwingi uliomo. Nilicheka mara kadhaa peke yangu, na mahali pamoja nilifuta machozi. Asubuhi nilimwita dada yangu, nikamwambia kwamba kabla ya kumhukumu mwandishi ni vyema amjue. Nikamsimulia kama ninavyowasimulia nyinyi.

MAISHA YA DHIKI

Louisa alizaliwa tarehe 29 Novemba 1832 huko Germantown, katika jimbo la Pennsylvania. Alikuwa wa pili katika mabinti wanne: Anna, yeye, Elizabeth na May. Baba yao, Bronson Alcott, alikuwa mwalimu na mwanafalsafa, mtu wa maneno mazuri na mifuko mitupu. Mwaka 1834 alifungua shule katika mji wa Boston, akafundisha watoto kwa maswali na mazungumzo badala ya bakora. Mwanzo watu walimsifu. Kisha akachapisha mazungumzo yake na watoto juu ya Injili, na wakubwa wa mji wakaona amevuka mpaka. Wazazi wengi wakatoa watoto wao. Alipomkubali mtoto wa Kinegro darasani mwaka 1839, waliosalia nao wakaondoka. Shule ikafa, na deni la maelfu ya dola likabaki.

Mwaka 1843 mzee huyo alizidi. Yeye na rafiki zake walihamisha jamaa zao shambani, mahali walipopaita Fruitlands, ili waishi bila dhambi. Hapana nyama, hapana maziwa, hapana kumtumikisha mnyama. Hata nguo za pamba zilikatazwa kwa kuwa pamba ililimwa na watumwa, na za sufu kwa kuwa sufu ni mali ya kondoo. Nia ilikuwa njema, lakini wanafalsafa walipokwenda kuhutubia watu, mavuno yaliachiwa mama na watoto. Baridi ilipoingia chakula kilikuwa haba, na Januari 1844 mradi ukavunjika. Louisa alikuwa na miaka 11. Tangu utoto alijua kwamba baba anaweza kuwa mtu mwema na bado watoto wake wakalala njaa.

Aliyeishika nyumba isianguke ni mama yao, Abigail. Alishona, aliomba mikopo kwa ndugu zake, alifanya kazi ya kuhudumia mafukara wa Boston. Na katika umaskini huo nyumba yao haikufunga mlango: mwaka 1847, walipokuwa katika mji mdogo wa Concord, walimficha mtumwa aliyekuwa akitoroka kwenda Kanada. Sisi wa Pwani, ambao tuna Frere Town iliyojengwa mwaka 1875 kwa ajili ya walioachwa huru, tunajua uzito wa jambo hilo. Aliyemficha mtumwa alihatarisha mali yake.

KAZI ZA MIKONO

Louisa alipopata akili alijiapia kwamba atawatoa wazazi wake katika fedheha ya deni. Kwa mwanamke wa zama zile milango ilikuwa michache. Alifundisha, alishona, alilea watoto wa watu. Mwaka 1851 alikwenda kuwa mtumishi nyumbani mwa watu, akaahidiwa kazi nyepesi, lakini akachota maji, akafagia theluji na kupasua kuni kwa wiki saba. Malipo yalikuwa dola 4. Jamaa zake walizirudisha fedha hizo kwa hasira, na Louisa hakusahau kamwe.

Usiku aliandika. Kitabu chake cha kwanza, hadithi za watoto, kilitoka Desemba 1854 na kumpatia kama dola 32. Halafu mwaka 1858 ndugu yake Elizabeth akafariki, baada ya kudhoofika miaka miwili tangu aambukizwe homa ya vipele vyekundu katika nyumba ya mafukara waliokuwa wakisaidiwa na mama yao. Huyo ndiye Beth wa kitabuni. Mahali pale nilipofuta machozi ni pale anapokufa Beth.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka huko Marekani kuanzia mwaka 1861, Louisa alisikitika kwamba hawezi kushika bunduki kupigana na utumwa. Akafanya aliloweza. Desemba 1862 alikwenda Georgetown, karibu na Washington, kuwa muuguzi wa askari majeruhi. Aliwaosha, aliwafunga vidonda, aliwaandikia barua, na wengine aliwafumba macho. Hazikupita wiki sita akashikwa na homa ya matumbo. Madaktari walimpa dawa ya zebaki, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Homa ikaondoka, lakini afya yake haikurudi tena kama zamani, na mwenyewe aliamini kwamba ni zebaki ile iliyomharibu. Barua alizoandika kutoka hospitali zikawa kitabu mwaka 1863, na hapo watu wakaanza kulijua jina lake.

Kuna jambo jingine ambalo wachache walilijua enzi zake. Ili kupata fedha za haraka aliandika hadithi za visasi, sumu na mapenzi ya hatari, akizitia jina la A. M. Barnard. Siri hiyo haikufichuka ila katika miaka ya 1940, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake. Dada yangu aliposikia hapo alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

KITABU ASICHOKITAKA

Mwaka 1868 mchapishaji wa Boston, Thomas Niles, alimtaka aandike kitabu cha wasichana. Louisa hakuvutiwa. Alijiona hajui mambo ya wasichana isipokuwa ndugu zake mwenyewe. Lakini deni lilikuwa bado lipo, naye babake alitaka kitabu chake mwenyewe kichapishwe na Niles huyo huyo. Akakaa chini mwezi Mei, akaandika juu ya wale aliowajua: Anna akawa Meg, Elizabeth akawa Beth, May akawa Amy, na yeye, mrefu, mwenye hasira na kalamu, akawa Jo. Sura za mwanzo zilimchosha mchapishaji na mwandishi pia. Ndipo Niles akampa mpwa wake wa kike asome, na mtoto yule akashindwa kukiweka chini.

Niles alimshauri asiuze haki ya kitabu, bali achukue fungu katika kila nakala. Ushauri huo ulimtajirisha. Nakala 2,000 za kwanza zilimalizika upesi, na mwaka 1869 sehemu ya pili ikatoka. Wasomaji wasichana walimwandikia wakimtaka amwoze Jo kwa Laurie, kijana tajiri wa nyumba ya jirani. Louisa akakataa katakata, akamwoza kwa profesa wa Kijerumani mwenye umri mkubwa na koti kuukuu. Madeni yote ya familia, hata yale ya zamani ambayo sheria haikumlazimisha tena mtu kuyalipa, aliyalipa.

Hapa ndipo nilipomshangaza dada yangu. Kitabu alichokifungia kwa kuwa ni cha Kikristo mno kililaumiwa na gazeti moja la kanisa la Methodisti mwaka ule ule wa 1868 kwa kuwa si cha Kikristo vya kutosha. Walalamikaji hao walitaka mahubiri, nao wakapewa wasichana wanaochoma chakula na kugombana. Louisa alipenda dini ya matendo: deni lilipwe, mgonjwa atazamwe, jirani alishwe. Katika hayo sijui Muislamu atabishana na lipi.

MZIGO HADI MWISHO

Utajiri haukumpa raha. Hakuolewa. Mama yake alifariki mwaka 1877 mikononi mwake. Ndugu yake mdogo, May, aliolewa Ulaya, akajifungua binti Novemba 1879, na kabla mwaka haujaisha akafa. Aliacha wasia kwamba mtoto apelekwe kwa Louisa. Kichanga kile, kilichopewa jina lake, kikavushwa bahari mwaka 1880, na mwanamke mgonjwa wa karibu miaka 48 akawa mama. Mwaka huo huo wanawake 20 wa Concord walipiga kura ya kamati ya shule kwa mara ya kwanza, na Louisa alikuwa mmoja wao.

Baba yake alipatwa na kiharusi mwaka 1882. Louisa alimtunza akiwa yeye mwenyewe hajiwezi. Mzee alifariki tarehe 4 Machi 1888, na binti akamfuata tarehe 6, siku mbili tu baadaye. Siku ya kuzaliwa kwao ilikuwa moja, na siku za kufa kwao zikakaribiana vile. Alikuwa na umri wa miaka 55, ambao mimi mwenyewe siko mbali nao. Amezikwa Concord, karibu na wazazi wake.

Nilipomaliza, dada yangu alikuwa ameacha cherehani. Nikamkumbusha Mwana Kupona binti Msham, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi ili asije akakosa mwongozo baada yake. Bibi yetu aliujua kwa moyo, na sisi wawili tuliusikia tukiwa tumelala mkekani. Utendi ule ni wa dini yetu, na kitabu hiki si cha dini yetu, sikumficha hilo. Nilimwambia amweleze mtoto waziwazi kipi ni chetu na kipi si chetu, kwa sababu mtoto aliyefundishwa nyumbani haibiwi na kitabu. Mtoto anayenyang'anywa kitabu, lakini, hujifunza kuficha.

Dada yangu alinyamaza kitambo. Kisha akauliza ada ya muhula ni lini. Akaenda kabatini, akakirudisha kitabu kwa sharti moja: kila jioni, baada ya Isha, binti amsimulie mama sura moja kwa Kiswahili huku yeye akishona, na penye neno la dini waliulize. Mtoto alinibusu mkono, akakimbilia jikoni asionekane akilia.

Nilikaa siku nne zaidi. Siku ya kuondoka walinisindikiza hadi stesheni kungojea gari la moshi la Mombasa, na njia nzima walikuwa wakibishana. Mama alishikilia kwamba Jo alifanya kosa kumkataa Laurie, kijana mzuri, jirani, tena mwenye mali. Binti alisema profesa ndiye aliyemheshimu. Waliponitaka niamue, nilipanda gari.

Wazazi wenzangu, kitabu mkikitilia shaka, kisomeni kwanza, au mumwite wa kuwasomea. Wallahu a'lam.