Eugène Freyssinet: Mhandisi aliyenyanyua daraja usiku na kubadili ujenzi wa zege

Umejenga daraja, watu wanapita, halafu miezi kadhaa baadaye unaona linabonyea katikati. Unafanyaje?

Hilo lilimkuta Eugène Freyssinet, mhandisi Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1879 katika mji mdogo wa Objat. Alijenga daraja la zege la matao matatu huko Le Veurdre, juu ya Mto Allier. Mwaka 1911 akabaini matao yanashuka. Yangeachwa hivyo, daraja lingeanguka.

Hakuita kikao. Usiku alikwenda na vibarua wachache, wakaweka jeki katikati ya matao na kuyasukuma mpaka yakarudi juu. Daraja likaendelea kutumika hadi lilipoharibiwa kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kumbe tatizo halikuwa ufundi mbovu. Wahandisi wa wakati ule waliamini zege likishakauka limetulia. Freyssinet aligundua kuwa zege lenye mzigo huendelea kunywea taratibu, kwa miezi na miaka.

Hapo ndipo akili ikamfunguka. Zege huvumilia kubanwa, ila likivutwa linapasuka. Wengine walishajaribu kulibana mapema kwa vyuma vilivyovutwa, lakini chuma cha kawaida kililegea kadiri zege lilivyonywea. Dawa yake: nyaya za chuma imara zaidi, zivutwe kwa nguvu kubwa, ili hata zikilegea kidogo, zege libaki limebanwa. Mwaka 1928 akasajili hataza.

Soko halikumwelewa. Alifungua kiwanda cha nguzo za umeme huko Montargis, biashara ikafa na pesa zake zikaenda nayo.

Kilichomwokoa ni jengo la abiria wa meli bandarini Le Havre. Mwaka 1934 lilikuwa likididimia. Freyssinet akaifunga misingi yake pamoja kwa zege lililobanwa, na jengo likatulia. Baada ya hapo, kazi zikaanza kumfuata.

Alifariki mwaka 1962. Leo, mafundi wa kuimarisha madaraja ya zamani bado wanatumia nyaya zilizovutwa, na wakati mwingine mikanda ya nyuzi za kaboni, ambayo haishiki kutu. Vifaa vimebadilika, ila swali la kwanza ni lile lile la Le Veurdre: zege hili limeshanywea kiasi gani, na bado litanywea kiasi gani?