Rachel Carson, mtu wa bara aliyeiandika bahari

Hebu fikiria uko Langas hapa Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, halafu mwalimu anataka bango la mnyororo wa chakula baharini na jinsi ya kulinda viumbe wa huko. Ndivyo ilivyompata binamu yangu wa Gredi ya 8. Manila tulinunua, kalamu za rangi tukaazima kwa jirani. Akachora papa mmoja mwenye meno makubwa, kisha akakwama. Hajawahi kuiona bahari, sasa ataandika nini cha maana?

Nikamsimulia kuhusu Rachel Carson. Nakusimulia na wewe, kwa sababu huyu mama naye alikuwa mtu wa bara kabisa.

Alizaliwa Mei 27, 1907, Springdale, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kwao kulikuwa na mto na shamba dogo; bahari aliijua vitabuni tu. Alipenda kuandika, na akiwa na miaka 11 hadithi yake ilichapishwa katika jarida la watoto. Chuoni alianza na Kiingereza, akahamia biolojia. Bahari yenyewe aliiona mara ya kwanza mwaka 1929, alipoenda kituo cha utafiti cha Woods Hole. Alikuwa na miaka 22. Kwa hivyo wewe wa Eldoret hujachelewa bado.

Mwaka 1932 akapata shahada ya uzamili. Akaanza uzamifu, lakini 1934 ikabidi aache kwa sababu pesa nyumbani zilikuwa zimeisha. Hapa huwa nasimama kidogo ninaposoma maisha yake. Mimi pia niliacha chuo karo iliponishinda, na najua vile watu hukuangalia kwenye harusi na matanga, ni kama umekufa nusu. Carson hakurudi kuimaliza ile digrii. Babake alifariki 1935, na familia ikamwegemea yeye. Akapata kibarua cha kuandika vipindi vifupi vya redio kuhusu samaki kwa idara ya uvuvi ya serikali. Mwaka uliofuata akapita mtihani wa serikali na kuajiriwa kama mwanabiolojia. Dadake naye akafa 1937 na kuacha wasichana wawili. Carson na mamake wakawalea.

Mchana kazi ya ofisi, usiku vitabu vyake. Cha kwanza, Under the Sea-Wind, kilitoka Novemba 1941. Humo anamfuata ndege wa pwani, samaki na mkunga, akionyesha nani anamla nani bila kumfanya yeyote jambazi. (Yule papa wa binamu yangu alikuwa jambazi waziwazi.) Wiki chache baadaye Marekani ikaingia vitani, na kitabu kikauza kidogo sana. Miaka kumi! Ndiyo muda aliongoja hadi The Sea Around Us, 1951, kilichokaa wiki 86 kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi. Mwaka 1952 akaacha kazi ya serikali ili aandike tu.

Kitabu kilichomletea maadui ni Silent Spring, cha 1962, kuhusu dawa za kuua wadudu kama DDT. Chukua mfano mmoja aliousimulia, wa Clear Lake kule California. Watu walichoshwa na vijidudu wakapulizia ziwa DDD, nduguye DDT, kwa kipimo kidogo tu. Planktoni wakaibeba, samaki wadogo wakala planktoni, samaki wakubwa wakala wadogo, na kila hatua sumu ikazidi kukolea. Ndege waliokula wale samaki wakafa. Kumbe mnyororo wa chakula hubeba sumu pia, na anayekula mwisho ndiye hubeba nyingi zaidi.

Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali. Hakuwa amedai dawa zote zitupwe, alitaka zitumike kwa uangalifu. Wakati huo saratani ya matiti ilikuwa inammaliza, na aliificha ili wapinzani wasipate la kusema. Mwaka 1963 akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti, na Aprili 14, 1964 akafariki, akiwa na miaka 56. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972, yeye hayupo.

Basi tukageuza ile manila upande wa pili. Chini kabisa binamu akachora planktoni, nukta nyingi za kijani, kisha dagaa, jodari, na papa juu, mdogo safari hii. Pembeni akaweka matumbawe ya Pwani yetu, ambako wavuvi wakimaliza samaki wanaokula wale wanyama wa miiba, miiba inazagaa na kuguguna matumbawe.

Halafu akauliza dawa ya mahindi ya huku Uasin Gishu huenda wapi mvua ikinyesha. Tukafuata ramani: Sosiani inaingia Kipkaren, Kipkaren inaingia Nzoia, Nzoia inamwaga Ziwa Victoria. Si bahari, lakini ndiko omena ya jioni ile ilikotoka. Akachora sufuria yetu juu ya mshale wa mwisho.