Padre Antoine Horner na Shule ya Bagamoyo



Wapendwa wanakwaya na waumini, katika furaha hii ya jubilei tumeona vyema kumkumbuka mtu mmoja aliyewafundisha watoto wa pwani yetu kusoma na kuimba, zamani kabla babu zetu hawajazaliwa.

Padre Antoine Horner alizaliwa mwaka 1827 huko Alsace, Ufaransa, akajiunga na Shirika la Roho Mtakatifu. Alihudumu kwanza katika kisiwa cha Réunion, na mwaka 1863 akatumwa Zanzibar, miaka mitatu hivi baada ya misheni kufunguliwa huko. Wakati huo binadamu walikuwa wakiuzwa sokoni kama mbuzi. Sisi wa Kwale tunaopita Shimoni na kusimuliwa habari za mapango yale, tunaelewa kilio kilichokuwepo.

Padre Horner na wenzake walinunua watoto ili kuwakomboa. Jambo hilo halikuwa jepesi. Kila fedha iliyotolewa ilimwokoa mtoto, lakini pia iliingia mfukoni mwa mfanyabiashara. Na watoto wenyewe hawakuulizwa wanataka kwenda wapi. Wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Tunamheshimu Padre bila kulificha hilo.

Zanzibar palikuwa padogo kwa kazi hiyo. Mwaka 1868, kwa ruhusa ya Sultani, akavuka bara na kuanzisha misheni ya Bagamoyo, pale pale misafara ya watumwa ilipoishia. Shule ikawa moyo wa misheni. Watoto walisoma katekisimu, kuandika na kuhesabu, kisha wakaingia shambani na katika karakana za useremala na uhunzi. Masista waliwalea wasichana. Vijana walipokomaa na kufunga ndoa, walipewa makazi katika kijiji cha Wakristo jirani na misheni.

Na muziki haukusahauliwa! Henry Stanley alipopita Bagamoyo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, alitumbuizwa na wanafunzi wa misheni wakipuliza tarumbeta, akastaajabu. Watoto waliokuwa wametiwa bei sokoni sasa walikuwa wakipiga muziki mbele ya wageni. Sisi wanakwaya tuna ndugu wa zamani kuliko tulivyodhani.

Majaribu yalifuatana. Kipindupindu kiliua watu wengi Zanzibar na pwani mwaka 1869 na 1870. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha majengo ya misheni, kazi ya miaka minne ikalala chini. Wakajenga upya. Mwaka uliofuata Sultani Barghash akafunga soko la watumwa Zanzibar, na Februari 1874 Susi, Chuma na wenzao wakaufikisha mwili wa Livingstone katika misheni hiyo, kabla haujavushwa Zanzibar.

Padre Horner alitamani sana baadhi ya wanafunzi wake wawe mapadre. Hakumwona hata mmoja akifika altareni. Mwaka 1877 alisaidia kufungua misheni ya Mhonda, bara zaidi, lakini afya ilikuwa imemchoka. Akarudi Ulaya, akafariki Cannes mwaka 1880. Mapadre Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki katika Kanisa letu walipadrishwa Uganda mwaka 1913, miaka 33 baada ya kifo chake.

Hata hivyo mbegu haikuoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wamisionari wa shirika lake walifika Kilema, Mombasa na Bura kule Taita, na popote walipopiga hema walianza na shule. Jimbo letu la Mombasa limetoka katika mizizi hiyo, na shule za parokia tulizosoma wengi wetu, nazo pia.

Tunajifunza nini? Padre Horner alipanda akaondoka bila kuvuna, na hakungoja mtoto awe na kitu ndipo ampe nafasi darasani. Leo hatuna soko la watumwa, ila tuna mtoto wa jirani aliyekaa nyumbani juma zima kwa kukosa karo. Tukishaimba na kula pilau ya jubilei, tumwulizie jina lake, tujue anadaiwa kiasi gani, na tuchange.

Ee Bwana, umpe Padre Horner raha ya milele, pamoja na watoto wote wa Bagamoyo ambao majina yao unayajua Wewe. Amina.