Bibi Maggie Lena Walker na Mfuko wa Dola 31

Baada ya hesabu za mwaka, tumeona vema kuwaletea wazee na wanachama habari za mtu aliyepokea chama kilichokaribia kufa akakirudishia uhai. Naye ni Bibi Maggie Lena Walker, mtu mweusi wa mji wa Richmond, katika jimbo la Virginia, Marekani.

Mama yake alipata kuwa mtumwa, na baba yake wa kambo alikuwa mtumishi wa hoteli. Mwaka 1876 maiti ya bwana huyo ilionekana mtoni, na mjane akabaki na watoto wawili. Akaanza kufua nguo za Wazungu kwa ujira, na Maggie, angali mtoto, ndiye aliyezichukua chafu na kuzirudisha safi nyumba kwa nyumba. Wazee waliopata kuona nyumba ikifiwa na mwenye mshahara hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Alipokuwa msichana aliingia Independent Order of St. Luke, chama cha watu weusi cha kuuguzana na kuzikana, namna ya chama hiki chetu. Alihitimu ualimu mwaka 1883, akafundisha hata alipoolewa mwaka 1886, kwani siku zile mwanamke mwenye mume hakuruhusiwa kufundisha.

Mwaka 1899 akafanywa katibu mkuu wa chama hicho. Katika mfuko alikuta dola 31 na senti 61, na madeni yapata dola 400. Akakubali kushika kazi kwa mshahara mdogo kuliko wa aliyemtangulia. Sisi tuliowahi kukaa katika mikutano ya vyama ambako kila mtu auliza fedha zimekwenda wapi, twajua uzito wa jambo hilo.

Aliona kwamba senti za watu weusi zilikuwa zikilala katika benki za wengine, zikiwatajirisha wengine. Mwaka 1902 akaanzisha gazeti la chama, na tarehe 2 Novemba 1903 benki ikafunguliwa, ikiitwa St. Luke Penny Savings Bank. Siku hiyo kulikuwa na walioleta fedha nyingi, na kulikuwa na aliyeweka senti 31 tu, naye akapokewa sawa na wengine. Watoto walipewa visanduku vidogo vya kukusanyia senti. Kwa akiba hizo wafuaji nguo na vibarua walikopeshwa, wakanunua nyumba zao.

Si kila alichogusa kilistawi. Duka kubwa alilofungua mwaka 1905 lilipigwa vita na wafanyabiashara Wazungu, na watu wake mwenyewe wengi wakaendelea kununua kwingine; likafungwa mwaka 1911. Mwaka 1915 mwanawe alimpiga risasi baba yake usiku, akimdhania mwizi, akamwua. Kijana alishtakiwa, akaachiliwa. Walikuwapo waliotaka mama huyo aondolewe katika uongozi kwa msiba huo, lakini hakuondoka.

Miaka yake ya mwisho aliifanyia kazi katika kiti cha magurudumu. Uchumi wa dunia ulipoanguka, benki nyingi zilifunga milango. Yeye aliiunganisha yake na nyingine mbili za watu weusi mjini humo, akawa mwenyekiti. Alifariki tarehe 15 Desemba 1934. Benki iliendelea kumilikiwa na watu weusi mpaka mwaka 2005.