James Lansing: Makanika aliyeacha jina lake kwenye spika za JBL

KUNA herufi tatu ambazo umeziona mara nyingi kuliko unavyokumbuka: JBL. Ziko kwenye spika ndogo ya bluetooth mliyobeba mkienda pikiniki, ziko kwenye kumbi za sinema, na huenda ziko pia kwenye sanduku la besi nyuma ya viti vya ile nganya unayoabiri kwenda Umoja au Rongai.

Wengi hudhani ni jina la kampuni tu. La hasha, ni jina la mtu. James Bullough Lansing alikuwa kijana wa Marekani aliyeanza kazi akiwa makanika wa magari, akaja kubadilisha jinsi dunia inavyosikiliza sauti, na akafariki akiwa na umri wa miaka 47 huku kampuni yake ikilemewa na madeni.

Kama unapanga kuongeza sabwufa kwenye redio ya gari lako, au gari la mzee kama amekubali, basi huyu ni mtu unayefaa kumjua. Lansing hakuunda sabwufa ya gari, maana enzi zake hazikuwepo. Lakini wazo linaloifanya sabwufa ikufae ndilo alilofanyia kazi karibu maisha yake yote.

Mtoto wa tisa

Alizaliwa Januari 14, 1902, katika jimbo la Illinois, akaitwa James Martini. Kwao walizaliwa watoto 14, yeye akiwa wa tisa. Babake alikuwa mhandisi wa migodi.

Mtoto huyo hakuwa wa kutulia. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 12 hivi aliunda mtambo wa kurusha mawimbi ya redio, ukawa na nguvu hadi wanamaji wa kituo cha Great Lakes, karibu na Chicago, wakayanasa. Mchezo ukaishia hapo, mtambo ukabomolewa.

Alipokua aliingia gereji. Alitengeneza magari mjini Springfield, na mwajiri wake akamsaidia kwenda Detroit, mji wa viwanda vya magari, kujinoa zaidi katika kazi hiyo. Kwa hivyo wewe unayeshinda chini ya boneti, mikono imejaa grisi, usidhani mlango wa teknolojia kubwa umefungwa kwako. Lansing alipitia hapo hapo.

Mamake alifariki mwaka wa 1924. Kijana akaondoka nyumbani, akaelekea Salt Lake City katika jimbo la Utah, akapata kazi ya ufundi katika stesheni ya redio. Huko alikutana na watu wawili waliobadilisha maisha yake. Mmoja ni Glenna Peterson, ambaye alimuoa. Wa pili ni Ken Decker, jamaa aliyejua biashara.

Lansing na Decker wakahamia Los Angeles, na Machi 1927 wakasajili kampuni yao, Lansing Manufacturing Company. Wakati huo James alikuwa ameacha jina la Martini na kujiita James Bullough Lansing. Kazi waligawana hivi: Lansing karakana, Decker hesabu na wateja. Walianza na spika ndogo za inchi 6 na 8, za kutiwa ndani ya redio za nyumbani.

Kazi ya mmoja wakapewa wawili

Mwaka huo huo wa 1927 filamu zilianza kusema. Kabla ya hapo watu walitazama sinema zisizo na maneno. Sasa kumbi zenye mamia ya viti zilihitaji sauti ya kumfikia hata aliyekaa nyuma kabisa, na spika zilizokuwepo zilikuwa zinachemka. Maneno yakisikika vizuri, muziki unakosa uzito. Uzito ukiongezwa, maneno yanafifia.

Mwaka wa 1933 kampuni ya filamu ya MGM ilichoka. Mkuu wa idara yake ya sauti, Douglas Shearer, aliamua waunde mtambo wao wenyewe. Mhandisi John Hilliard akapewa jukumu hilo, na Lansing akaletwa kuunda spika zenyewe.

Tatizo lilikuwa hili. Sauti nzito hutokana na kusukuma hewa nyingi polepole, kwa hivyo spika yake lazima iwe pana na iweze kwenda mbele na nyuma kwa umbali mrefu. Sauti nyembamba inataka kitu chepesi kinachotikisika maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiipa spika moja kazi zote mbili, itafanya zote vibaya.

Basi wakazigawa. Chini, sanduku kubwa lenye spika za inchi 15 lilipewa sauti nzito. Juu, tarumbeta iliyogawanywa vyumba vyumba ilipewa sauti nyembamba. Katikati kukawekwa kichujio cha kutenganisha sauti kwenye mpaka wa hezi 500, kila spika ipate fungu lake. Mtambo huo ulifanya vizuri mno hadi mwaka wa 1937 ukashinda tuzo ya kiufundi ya Academy, wale wa Oscars. Tuzo ilikwenda kwa Shearer na idara yake. Jina la fundi aliyeunda spika halikuwa kwenye tuzo.

Sasa rudi kwenye gari lako

Tabu ya MGM ndiyo tabu yako. Spika za milango ya gari nyingi ni za inchi 6 hivi. Ukiongeza besi kwenye redio kisha ukapandisha sauti, mlango unatetemeka, sauti inakwaruza, na mwimbaji humsikii tena. Unailazimisha spika ndogo kufanya kazi ya kubwa. Ukiendelea, utaiua.

Dawa yake ni kuleta wa pili. Siku hizi kuna sabwufa zenye amplifaya yake ndani ya sanduku moja, nyingine nyembamba za kuingia chini ya kiti, nyingine za kuwekwa kwenye buti. Si lazima ung'oe redio iliyokuja na gari. Hata kama redio haina tundu la sabwufa, nyingi za aina hii hupokea sauti kutoka kwenye nyaya za spika za nyuma.

Mambo machache usiyafanyie mchezo. Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, uwe mnene, na fyuzi yake ikae karibu kabisa na betri. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi ya gari, fyuzi itakatika. Pasipo fyuzi, gari linaweza kuwaka moto. Waya wa ethi ufungwe kwenye chuma kitupu, rangi ikishakwanguliwa. Halafu kuna waya mdogo wa kuiamsha amplifaya redio inapowashwa na kuizima redio inapozimwa. Ukikosewa huo, asubuhi utakuta betri imekufa.

Kisha weka mpaka, kama walivyofanya wale wa MGM. Kichujio cha sabwufa kianzie hezi 80 hivi. Kwenye redio, rudisha besi sifuri, halafu pandisha sabwufa kidogo kidogo. Kama besi inapungua badala ya kuongezeka, geuza swichi ya fezi usikie tofauti. Ukiwa umepatia, hutajua sauti nzito inatoka wapi, utasikia tu kwamba muziki umekamilika.

Decker alipoondoka

Mwaka wa 1939 Ken Decker alifariki katika ajali ya ndege. Lansing akabaki na karakana, lakini pia na vitabu vya hesabu, wadai na wateja. Hakuwa mtu wa mambo hayo. Alijua kuunda kitu hadi kitimie, hata gharama ikipanda, na hilo ni jambo zuri mradi kuna mtu mwingine anayechunga pesa. Kampuni ikayumba.

Desemba 1941 aliiuza kwa dola 50,000 kwa kampuni iliyokuja kuitwa Altec Lansing. Alikaa huko miaka mitano kama makamu wa rais wa uhandisi, na kazi yake ikang'aa. Alishiriki kuunda spika ya Duplex, iliyoweka sauti nzito na nyembamba ndani ya fremu moja, pamoja na mitambo ya Voice of the Theatre iliyotumika katika kumbi nyingi za sinema.

Mwaka wa 1946 alitoka akaanzisha kampuni yake tena. Jina la Lansing lilikuwa limeshauzwa, kwa hivyo Altec walilalamika, naye akalazimika kutumia jina lake lote: James B. Lansing Sound. Hapo ndipo JBL ilipotoka.

Muda si muda akatoa D130, spika ya inchi 15 yenye koili pana ya inchi 4 iliyosukwa kwa waya bapa. Ilikuwa na nguvu na usafi ambao wanamuziki waliupenda, na iliendelea kuundwa kwa miaka mingi. Lakini kampuni ilikuwa changa, spika zenyewe ghali kutengeneza, na madeni yakazidi kurundikana. Septemba 1949 Lansing alijitoa uhai.

Hapa hakuna la kupamba. Alikuwa na mke na watoto, alikuwa na kipaji ambacho wachache walikifikia, na madeni hayo hayakuwa makubwa kuliko maisha yake. Aliyechukua usukani, William Thomas, alikuwa mtu wa hesabu. Chini yake JBL ilisimama, ikakua, na leo iko ndani ya Harman, kampuni iliyonunuliwa na Samsung mwaka wa 2017. Spika zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Lililokosekana ni mtu wa upande wa pili.

Kwa hivyo wewe kijana mwenye kipaji cha nyaya, au cha kushona, au cha kupiga picha, tafuta Decker wako mapema: mtu anayependa kuandika risiti na kufuata malipo kama wewe unavyopenda kazi ya mikono. Akiondoka, tafuta mwingine kabla ya kujitwika yote. Na siku ambayo madeni au mawazo yanakulemea kiasi kwamba huoni kesho, usibaki nayo peke yako. Mwambie rafiki, mzazi, mwalimu, au fika hospitali iliyo karibu uombe kuonana na mshauri. Si aibu. Hata spika bora kabisa ya Lansing haikuundwa ibebe sauti zote peke yake.